Koili ya Kiyoyozi Kitale na Bungoma: Kipimo Kwanza, Umbo Baadaye

Mji wa Kitale uko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, mashariki mwa Mlima Elgon. Bungoma, kusini mwa mlima huo huo, iko mita 1,400 hivi. Kwa hali ya hewa ya miji hii, nyumba nyingi hupunguza joto kwa kufungua dirisha, na viyoyozi ni vichache. Hupatikana zaidi katika vyumba vya seva, maabara, maduka ya dawa, hoteli, na nyumba chache ambazo vyumba vyake chini ya mabati huwaka moto kuanzia Januari hadi Machi. Uchache huo una gharama yake. Koili ya ndani ikitoboka, kipuri hutafutwa Eldoret, Kisumu au Nairobi iliyo kilomita 380 hivi kutoka Kitale, na mara nyingi huagizwa kwa simu baada ya kutuma picha. Picha huonyesha umbo, lakini vipimo vinavyoamua kama koili hiyo itafaa havionekani kwenye picha.

Koili ya ndani, ambayo vitabu vya ufundi huiita evaporeta, ni mabomba membamba ya shaba au alumini yaliyopitishwa katikati ya mapezi ya alumini. Gesi ya kupozea huingia humo ikiwa baridi, sehemu kubwa yake kimiminika, kisha huchemka ndani ya mabomba kwenye nyuzi 5 hivi. Kuchemka huko hunyonya joto la hewa inayosukumwa na feni kupita kwenye mapezi. Hewa hurudi chumbani ikiwa imepoa, na unyevu wake hugeuka matone yanayotiririka kwenye bomba la maji machafu. Kompresa iliyo nje hufyonza mvuke wa gesi iliyochemka na kuusukuma upande wa pili ili joto litupwe nje. Ili mzunguko huu utulie, mambo matatu lazima yapatane: nguvu ya kompresa kufyonza, kiasi cha kimiminika kinachoachiwa kuingia, na hewa inayopita juu ya mapezi. Koili ndipo yote matatu yanapokutana, na ndiyo sababu haibadilishwi kama balbu ya taa.

Kabla ya kununua chochote, fundi makini hujiuliza kama koili imekufa kweli. Koili iliyoota barafu hushutumiwa haraka, ilhali barafu ina visababishi vingi. Kichujio kikiziba, hewa hupungua na koili huganda. Katika Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, miezi ya kuvuna na kupukuchua mahindi hujaza hewa makapi na vumbi laini, na kiyoyozi kisichosafishwa wakati huo huvaa blanketi juu ya mapezi. Gesi ikipungua, koili huganda pia. Sababu nyingine ni ya nyanda za juu hasa. Chumba cha seva huhitaji kupozwa usiku na mchana, na usiku wa Kitale ni baridi. Hewa ya nje ikiwa baridi mno, presha ya upande wa kompresa hushuka, kimiminika kinachofika ndani hupungua, na koili huota barafu ingawa haina tundu hata moja. Mwenye kununua koili mpya kwa tatizo hilo atakuwa ametupa pesa. Anachohitaji ni kifaa cha kupunguza kasi ya feni ya nje wakati wa baridi.

Tundu la kweli huthibitishwa kwa naitrojeni. Fundi huondoa gesi iliyobaki kwa kuifyonza kwenye mtungi wake, hujaza naitrojeni kavu kwa presha isiyozidi ile iliyoandikwa na mtengenezaji, kisha hupaka povu la sabuni kwenye viungo na mikunjo ya koili. Oksijeni haifai kabisa kwa kazi hii. Mitungi yake hupatikana kwa urahisi katika gereji za kulehemu, lakini oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka na kuua.

Tundu likipatikana, chanzo chake nacho kitafutwe, kwa maana ndicho kinachoelekeza aina ya koili itakayodumu. Shaba hushambuliwa na asidi hafifu zitokanazo na rangi mpya, gundi, mbao za kubandika na baadhi ya sabuni za kusafishia. Asidi hizo, pamoja na unyevu, huchimba vijishimo vyembamba visivyoonekana kwa macho hadi gesi ianze kuvuja. Amonia ni adui mwingine wa shaba, na katika miji ambayo banda la kuku au zizi huwa nyuma ya nyumba, jambo hilo si la kupuuzwa. Koili iliyotengenezwa kwa alumini yote hustahimili asidi za namna hiyo vizuri zaidi, ila ni ngumu kuiziba ikitoboka. Koili ya shaba huzibika kwa urahisi, lakini ikirudishwa kwenye chumba kile kile chenye hewa ile ile, itatoboka tena. Mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga, ambayo mara nyingi huonekana ya buluu, husaidia maji kuteleza na hupunguza kutu ya mapezi. Rangi hiyo hailindi ndani ya mabomba.

Uchaguzi wenyewe huanza kwenye kibati kilichobandikwa kwenye kipande cha nje, na jambo la kwanza kusomwa hapo ni aina ya gesi. Viyoyozi vya zamani hutumia R-22. Vilivyofuata hutumia R-410A, na vingi vipya hutumia R-32. Presha ya R-410A inazidi ya R-22 kwa takriban asilimia 60 katika joto lile lile, kwa hiyo koili iliyoundwa kwa R-22 haistahili kufungwa kwenye mtambo wa R-410A hata ikiingia sawasawa kwenye kasha. Mafuta nayo hutofautiana: mitambo ya R-22 kwa kawaida hutumia mafuta ya madini, ya R-410A hutumia mafuta ya kutengenezwa ambayo hunyonya unyevu upesi. R-32 inaweza kushika moto, ingawa kwa shida, na fundi anayelehemu karibu nayo anapaswa kuhakikisha kwanza kwamba mabomba hayana gesi na chumba kina hewa ya kutosha.

R-22 ina swali la ziada. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni na iko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Ratiba ya nchi zinazoendelea, Kenya ikiwa miongoni mwao, ilipunguza matumizi yake kwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Mwaka 2030 itabaki sehemu ndogo tu ya kuhudumia mitambo iliyopo. Nchini Kenya, uingizaji wa gesi hizo husimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya kanuni za vitu vinavyodhibitiwa. Makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 yameongeza kwenye mkataba huo gesi kama R-410A, ambayo haiharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia mara 2,088 kuliko kiasi kile kile cha kaboni dayoksaidi. R-32 huongeza mara 675. Kwa mwenye kiyoyozi cha R-22 huko Bungoma, maana yake ni hii: koili mpya itamfunga kwenye gesi itakayozidi kuadimika, na kompresa aliyonayo imeshazeeka.

Kipimo cha pili ni nguvu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa joto la takriban kilowati 3.5. Koili ikiwa ndogo kuliko kompresa, presha ya kufyonza hushuka, barafu huota, na kimiminika kisichochemka kinaweza kurudi kwenye kompresa na kuivunja. Koili ikiwa kubwa kupita kiasi, uso wake hauwi baridi vya kutosha kukamua unyevu, na chumba hubaki na ubaridi wa majimaji. Nambari ya modeli ya kipande cha nje na ya kipande cha ndani ndizo zinazothibitisha kwamba mtengenezaji alivipima pamoja. Hizo ndizo za kutumwa kwa muuzaji, si picha peke yake. Kifaa kinachodhibiti kimiminika nacho kikaguliwe: katika viyoyozi vingi vya ukutani, kapilari au vali ya umeme iko kwenye kipande cha nje, lakini katika mitambo ya dari na ya mifereji ya hewa mara nyingi huja na koili yenyewe. Kununua koili yenye kifaa hicho kwa mtambo ambao tayari unacho nje ni kubana gesi mara mbili.

Kipimo cha tatu hakimo kwenye kibati, na ndicho kinachoitofautisha Kitale na Mombasa. Nguvu iliyoandikwa kwenye kiyoyozi hupimwa kwa hewa ya usawa wa bahari, chumba kikiwa na nyuzi 27 na nje kukiwa na nyuzi 35. Katika mwinuko wa Kitale, uzito wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Bungoma ni kama asilimia 85. Feni huzunguka vile vile na kusukuma ujazo ule ule, lakini hewa iliyomo ni nyepesi, nayo hubeba joto pungufu. Desturi ya mafundi wa Marekani ni kupitisha hewa ya mita za ujazo 680 kwa saa kwa kila BTU 12,000 katika mitambo ya mifereji. Ili uzito wa hewa uwe ule ule Kitale, ujazo huo unapaswa kufika 850 hivi. Hewa isipoongezwa, koili hupoa kuliko ilivyokusudiwa na huikaribia barafu. Kwa hiyo, mtengenezaji akiruhusu saizi mbili za koili kwa kompresa moja, kubwa ndiyo inayofaa zaidi huku juu, na feni iwekwe kwenye kasi ya juu.

Mwinuko una faraja yake pia. Nje ya Kitale ni nadra kufika nyuzi 35, kwa hiyo kipande cha nje hutupa joto bila kuhangaika ingawa hewa ni nyepesi. Ndiyo maana mitambo mingi ya huku huonekana kufanya kazi vizuri, na kasoro ya koili isiyolingana hufichika hadi alasiri ya joto ya Februari.

Mwinuko huo huo huvuruga geji. Geji ya kawaida hupima presha kwa kulinganisha na hewa iliyoizunguka, na hewa ya Kitale ni hafifu kwa takriban psi 3 kuliko ya pwani. R-22 inayochemka kwenye nyuzi 5 huonyesha psi 70 hivi Mombasa, lakini Kitale huonyesha 73. Kwa kiyoyozi, kosa hilo ni kama nyuzi 1. Kwa friji ya R-134a karibu na nyuzi sifuri, linafika nyuzi 2. Fundi anayefuata jedwali la pwani ataona gesi imezidi kidogo na kuipunguza bila sababu.

Kosa kubwa zaidi hutokea wakati wa kuvuta hewa. Koili mpya ikishalehemiwa, pampu huachwa ivute hewa na unyevu wote kabla ya gesi kuingizwa. Pwani, sindano ya geji hushuka hadi karibu inchi 30 za zebaki. Kitale haiwezi kupita 24 hivi, na Bungoma 25 hivi, kwa sababu hiyo ndiyo presha yote ya hewa iliyopo ya kuondolewa. Fundi asiyejua hilo huanza kutafuta tundu lisilokuwepo, au hulaumu koili mpya na kuirudisha dukani. Dawa yake ni geji ya mikroni, ambayo hupima ombwe lenyewe bila kutegemea mwinuko: ikishuka hadi mikroni 500 na kutulia pampu ikizimwa, mabomba ni makavu na hayavuji, iwe Lamu au Kitale. Baada ya hapo gesi huwekwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibati pamoja na nyongeza ya urefu wa mabomba. Gramu hazibadiliki kwa mwinuko, na ndiyo maana mizani inapaswa kutangulia geji katika kazi hii.

Iwapo kompresa iliungua kabla ya koili kutoboka, jambo ambalo hutokea umeme unapopanda na kushuka, mafuta yake huacha asidi ndani ya mabomba yote. Koili mpya ikifungwa kwenye mabomba hayo bila kusafishwa na bila kichujio kipya cha kukausha gesi, asidi itaanza kuila kutoka ndani.

Kwa hesabu hizo zote, hukumu inategemea umri na gesi. Kiyoyozi cha R-410A au R-32 ambacho kompresa yake ni nzima kinastahili koili mpya, mradi nambari za modeli zilingane, na kwa mtambo wa ukutani mara nyingi ni salama zaidi kununua kipande chote cha ndani cha modeli ile ile kuliko koili peke yake. Kiyoyozi cha R-22 kilichotoboka koili kisitiwe koili mpya. Fedha hizo ziwekezwe kwenye mtambo mzima wa R-32. Mwenye nyumba wa Kitale au Bungoma anayepiga simu Nairobi leo aandike kwanza mambo matano kwenye karatasi: gesi, nguvu kwa BTU, modeli ya kipande cha nje, modeli ya kipande cha ndani, na mwinuko wa mji wake. Muuzaji asiyeuliza hata moja kati ya hayo hafai kuuziana naye.