Vyombo vya bahari kuu katika Ziwa Nyasa

Meli ya utafiti wa bahari haiwezi kupanda maporomoko ya Mto Shire hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo watafiti wa mradi wa SEGMeNT, uliochunguza bonde la ufa la ziwa hili kati ya 2012 na 2016, walichukua meli ya mizigo ya humohumo ziwani, wakaifungia kompresa, bunduki za hewa na kebo ndefu ya haidrofoni, yaani vinasa sauti vya majini. Kisha wakashusha chini kabisa vipima mtetemo vilivyobuniwa kwa ajili ya sakafu ya bahari. Vingine wakavitega nchi kavu, vikiwemo vile vilivyozunguka volkano za Rungwe mkoani Mbeya. Kwa maoni yangu, hivi vya nchi kavu ndivyo vilivyoubeba utafiti mzima.

Ziwa lilikuwa limekwisha kupimwa. Miaka ya 1980, mradi wa PROBE wa Chuo Kikuu cha Duke, chini ya Bruce Rosendahl, ulipita Tanganyika kisha Nyasa na kuonyesha kwamba bonde la ufa si mfereji wenye kuta mbili zinazolingana. Upande mmoja umeporomoka kwenye ufa mkubwa, wa pili umeinama tu, na ukisogea mbele pande hubadilishana. Huku kaskazini ufa mkubwa uko kwetu Tanzania, chini ya Milima ya Livingstone, ndiyo maana pale Matema mlima unatumbukia ziwani ilhali Karonga, ng'ambo, ni tambarare. Ukishuka kusini, ufa mkubwa unahamia Malawi. Lakini PROBE ilisikiliza kutoka majini tu, na mashapo yalipokuwa mazito picha yake ilififia.

Bunduki ya hewa huachia ghafla hewa iliyoshindiliwa, na kishindo chake hushuka. Majini sauti husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.8, kina ni mita 600. Hiyo ni hesabu ya shuleni. Ugumu huanza chini ya matope, kwa kuwa kila tabaka lina kasi yake: mashapo laini kilomita 2 hivi kwa sekunde, mwamba kongwe karibu 6. Bila kuijua kasi huwezi kugeuza sekunde kuwa kilomita, na mwangwi unaorudi wimawima hauitoboi siri hiyo vizuri. Unahitaji wimbi lililozama hadi kwenye mwamba mgumu, likakimbia humo, likaibuka mbali. Ziwa lina upana wa makumi machache tu ya kilomita. Ukitaka kulidaka wimbi hilo huna budi kutega vyombo ng'ambo ya ufukwe, milimani, hata upande wa Ludewa.

Vyombo vya chini ya maji vina visa vyake. Kikishazama, chombo hakipati tena setelaiti, kwa hiyo saa yake hulinganishwa kabla ya kutupwa na baada ya kuopolewa, na tofauti inayopatikana hugawanywa kwa siku zote za katikati. Chombo kinaweza pia kutua kikiwa kimegeukia upande wowote. Hapo milio ya bunduki, ambayo mahali ilipopigwa panajulikana, ndiyo inayosaidia kukisia kimeelekea wapi.

Kukirudisha juu ni mtihani mwingine. Vingi vya aina hii huitwa kwa sauti kutoka melini. Umeme hupita kwenye waya mwembamba, waya unaliwa, uzito unabaki chini na chombo kinaelea. Sharti waya uzungukwe na maji ya chumvi. Nyasa ni maji baridi, umeme haupiti humo kwa urahisi, kwa hiyo fundi wa mitambo kama hiyo lazima aupatie waya chumvi yake au atumie kifungo cha namna nyingine. Usipolifikiria hilo mapema, kumbukumbu zote zinabaki chini.

Matokeo ya SEGMeNT? Ukijumlisha urefu wa milima juu ya ziwa, kina cha maji na kilomita kadhaa za mashapo, ufa wa Livingstone umeutenganisha mwamba uliokuwa mmoja kwa takriban kilomita 7. Matetemeko hutokea hata zaidi ya kilomita 25 chini, jambo linaloonyesha kwamba gamba la huku bado ni gumu. Joto na ujiuji wa miamba vimejikusanya zaidi chini ya Rungwe kuliko chini ya ziwa. Hata hivyo usiukazie macho ufa mkubwa peke yake: mfululizo wa matetemeko ya Karonga wa Desemba 2009, uliofikia kipimo cha 6.0, ulitokea kwenye nyufa ndogo za upande wa pili.

Umri wa hayo mashapo ni habari nyingine. Mwaka 2005 tishari la Viphya lilichoronga katikati ya ziwa, kwenye maji ya mita 592, likaingia mita 380 na kutoa kumbukumbu ya zaidi ya miaka milioni moja. Tabaka zilizo chini ya hapo zimepimwa unene na kasi. Umri wake bado ni wa kukadiria.