Mcheza Kwao Hutunzwa: Nafasi ya Mpenzi wa Kodiani katika Fasihi-Simulizi

Katika uhakiki wa fasihi-simulizi tumezoea kuanza na fanani. Tunauliza alizaliwa wapi, alifunzwa na nani, na anatumia mbinu zipi. Hadhira huitajwa kwa sentensi moja au mbili, kwamba iliitikia, ilipiga makofi au ilicheka, kisha tunarudi kwa fanani. Makala haya yanadai kwamba mtindo huo umetuficha mtu muhimu, naye ni yule msikilizaji aliyempenda fanani mmoja kwa umri wake wote. Tutamchunguza katika nyimbo za kodiani za jamii mbili: mwomboko wa Wagikuyu na famo ya Wasotho. Pote pawili chombo cha kigeni kilifanywa cha kienyeji, na pote pawili wapigaji wake walipendwa mno. Lakini mapenzi hayo hayakuishia mahali pamoja.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Aghalabu methali hii hufasiriwa kwa maana ya zawadi, nayo ni sahihi: katika taarabu, kwa mfano, mwimbaji hutunzwa fedha mbele ya watu. Hata hivyo kitenzi kutunza kina maana nyingine, yaani kuhifadhi kitu kisije kikapotea au kuharibika. Mpenzi wa kweli hutunza kwa maana zote mbili, na kwa mhakiki maana ya pili ndiyo nzito zaidi.

Mwomboko ulikua katika miaka ya 1930 na 1940, baada ya serikali ya kikoloni kupiga marufuku nyimbo za Muthirigu mwaka 1930. Vijana waliziiga dansi za Kizungu za wawili wawili, wakatwaa kodiani, wakaongeza karing'aringa, yaani pete ya chuma inayogongwa kwa kipande cha chuma, na wakaimba kwa Kigikuyu mambo yaliyowahusu.

Mjomba wangu wa Murang'a alimpenda mpiga kodiani mmoja wa huko tangu ujana hadi uzee. Yeye mwenyewe hakupata kushika kodiani. Alikwenda kwa miguu kila palipokuwa na ngoma ya mtu wake, na yule mpigaji hakuacha santuri hata moja. Nilipokuwa mwanafunzi nilihudhuria arusi moja pamoja naye. Katikati ya wimbo mjomba alisimama, akamkatiza mpigaji na kumwambia kwamba ameruka ubeti wa mtu aliyeuza shamba. Watu walicheka. Mpigaji alinyamazisha kodiani, akawaza kidogo, akarudi nyuma na kuuimba ubeti ule.

Wakati ule niliona kitendo hicho kuwa utovu wa adabu. Sasa naona kilikuwa uhakiki. Wimbo ule uliishia kwa kejeli, na bila ya ubeti wa muuza shamba kejeli hiyo haikuwa na mtu wa kumlenga. Mjomba hakuwa na istilahi ya muundo, lakini alijua kila ubeti ulikuwa na kazi gani, na alimpenda mpigaji kiasi cha kutokubali aharibu kazi yake mwenyewe. Mpigaji alipofariki, nyimbo zilibaki kwa mjomba peke yake. Nami wakati huo nilikuwa nikifundisha fasihi-simulizi mjini, wala sikumwendea na kinasa-sauti. Naye amekwisha kufariki. Nilichobaki nacho ni nyimbo tatu zisizokamilika, na hata katika hizo sina hakika ya mpangilio wa beti.

Isidhaniwe kwamba hiki ni kisa cha ukoo mmoja tu. Tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ambayo mwomboko umo ndani yake, iliandaliwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 kwa mazoezi ya hadharani. Wanakijiji waliotazama mazoezi hayo walisahihisha lugha, nyimbo na hata namna ya kucheza ngoma. Serikali iliiondolea tamthilia hiyo leseni mwaka ule ule. Kwa hiyo hadhira inayosahihisha si jambo geni, bali sisi ndio tusioiandika.

Tukienda kusini, tunamkuta mpenzi wa aina hiyo hiyo huko Lesotho. Wasotho walipiga konsertina kwanza, kisha wakaiacha na kushika kodiani, ambayo wao huiita koriana. Kando yake iliwekwa ngoma iliyotengenezwa kwa debe na mpira wa gurudumu. Maneno ya famo yana uhusiano wa karibu na lifela, tungo ndefu za wanaume waliokwenda kufanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini, na katika vilabu vya pombe wanawake nao waliimba habari za maisha yao. Puseletso Seema alitoka katika mapokeo hayo. David Coplan, aliyezichunguza tungo hizi kwa undani katika kitabu chake cha mwaka 1994, alipendekeza ziitwe kwa istilahi inayotokana na sikio badala ya kinywa. Pendekezo hilo linaafiki hoja yetu, kwani linampa msikilizaji nafasi katika jina la sanaa yenyewe.

Sauti ya kodiani hiyo ilifika mbali. Mwaka 1986 Forere Motloheloa, mpigaji kutoka Lesotho, alisikika ulimwenguni kote katika santuri ya Graceland ya Paul Simon, na mmoja wa nyimbo zake, «The Boy in the Bubble», aliutunga pamoja na Simon. Wapenzi wapya walikuwa wengi, lakini wengi wao hawakujua Kisotho. Waliweza kutunza kwa fedha zao, ila hawangeweza kumwambia mwimbaji wa famo kwamba ameruka ubeti.

Nyumbani Lesotho mambo yalichukua sura nyingine. Katika famo mwimbaji hujisifu na kumbeza mshindani wake, na kwa lugha yenye mapokeo marefu ya majigambo hilo si ajabu. Lakini baada ya muda wapenzi wa waimbaji mbalimbali walijitenga kwa rangi za mablanketi, makundi yakaundwa, na watu wengi wakauawa. Mwaka 2024 serikali ya Lesotho ilivipiga marufuku vikundi 12 vya famo. Haifai kuulaumu wimbo peke yake, kwa sababu umaskini, silaha na uchimbaji haramu wa dhahabu vimo katika mgogoro huo. Hata hivyo mhakiki analo la kusema.

Yatupasa kutofautisha mpenzi na mfuasi. Mpenzi hulinda wimbo, hata dhidi ya mwimbaji wake. Mfuasi humlinda mwimbaji, hata wimbo ukiwa mbovu. Katika taarabu ya Zanzibar vikundi vya wanawake kama Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari vilishindana kwa mafumbo makali, lakini ushindani ulihukumiwa kwa ubora wa fumbo na jibu lake. Msikilizaji anapoacha kuhukumu maneno na kubaki kuhesabu walio upande wake, hadhira imekwisha kuwa jeshi.

Marufuku yaweza kuzuia mkutano. Historia ya Muthirigu, ingawa ni ya hali tofauti kabisa, yatukumbusha kwamba marufuku hayakuzuia watu kuimba. Kinachoweza kuirudisha famo kwa wapenzi wake ni wale wazee wanaokumbuka tungo kabla ya rangi za mablanketi, endapo mtu atawauliza wangali hai.

Kwetu Kenya wajibu ni mwepesi zaidi, na kwa hiyo kutoutekeleza ni aibu zaidi. Mwanafunzi anayetumwa kijijini kukusanya nyimbo asimtafute mwimbaji peke yake. Aulize pia ni nani anayemfuata mwimbaji huyo kila aendako, akae naye, na aandike kila anaposema kwamba jambo fulani limekosewa. Mimi nilikuwa na mtu kama huyo nyumbani kwetu.