Kubana orodha za korosho kwenye kompyuta ya Windows XP

Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuza korosho mnadani kupitia chama kikuu cha RUNALI, na nyuma ya kila mnada kuna orodha: jina la mkulima, kilo zake, namba ya akaunti. Mwaka 2018 serikali ilipozinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalingoja uhakiki kwanza. Tangu hapo sioni faili la orodha kuwa kitu kidogo. Likiharibika njiani, anayeumia ni mkulima.

Kompyuta kuukuu ya chama cha msingi, yenye Windows XP na kumbukumbu ya MB 512, bado inatosha kuandaa orodha hiyo. Kuiunganisha na intaneti ndiko kusikofaa, maana Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 8, 2014, na kivinjari kilichokuja nayo hakifungui tovuti nyingi za leo. Kwa hiyo 7-Zip, programu ya Igor Pavlov iliyoanza mwaka 1999 na isiyolipiwa hata na ofisi za biashara, hupakuliwa kwenye kompyuta nyingine. Chagua ya biti 32, kwa kuwa XP karibu zote ni za biti 32. Hukohuko kwenye kompyuta mpya faili likaguliwe virusi, ndipo liletwe kwa flashi safi. Usakinishaji wenyewe ni wa dakika moja, mradi umeingia kwa akaunti ya msimamizi.

XP inaweza kubana zip bila msaada wowote. Sababu ya kuongeza 7-Zip ni usiri. Nywila ya zip ya kale ina udhaifu ambao Biham na Kocher waliuonyesha mwaka 1994, ilhali 7-Zip hufunga mafaili yake ya .7z kwa AES-256 na huweza kuficha hata majina ya mafaili yaliyomo. Namba za akaunti za wakulima zinastahili ulinzi huo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai taarifa za namna hiyo zilindwe.

Kazi inapoharibikia ni kwenye kuchagua kiwango cha kubana. Njia ya LZMA, ambayo 7-Zip huitumia kubana, hutafuta maneno yanayojirudia. Jina la kijiji au benki likishaandikwa mara moja, mistari inayofuata hupewa alama fupi tu inayorejea nyuma, wazo lililotoka kwa Lempel na Ziv mwaka 1977. Umbali wa kurejea nyuma huitwa ukubwa wa kamusi, na kumbukumbu inayohitajika ni kama mara kumi na moja na nusu ya kamusi hiyo. Kiwango cha juu kabisa katika matoleo ya zamani hutumia kamusi ya MB 64, yaani zaidi ya MB 700 za kumbukumbu. Mashine yetu haina. Itaanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na karani atadhani imekufa. Kamusi ya MB 4 huhitaji takriban MB 50 tu, na orodha ya MB 3 haipotezi chochote, kwa sababu kamusi kubwa kuliko faili haina cha ziada cha kukumbuka.

Matokeo hutegemea pia aina ya faili. Lile la .xls la Excel 2003 hupungua sana. La .xlsx halipungui kwa maana, kwani tayari ni zip kwa ndani. Picha za stakabadhi za ghala zilizopigwa kwa simu nazo vivyo hivyo. Ukitaka zishuke, punguza ukubwa wa picha zenyewe.

Kabla ya kutuma, bonyeza kitufe cha kujaribu faili lililobanwa, na usifute orodha ya awali mpaka mpokeaji athibitishe kuwa imefunguka kwake. Naye awe na 7-Zip, kwani Windows za zamani hazifungui .7z zenyewe. Nywila mtajie kwa kumpigia simu; isiandikwe kwenye ujumbe uliobeba faili.