Juu ya Neno "Kontena" katika Elimu ya Kompyuta

Neno kontena limeingia katika Kiswahili kwa njia ya bandari, na huko halina ila. Kila mtu wa Mombasa au Dar es Salaam ajua kuwa ni sanduku kubwa la chuma, lifungwalo huku na kufunguliwa kule, wala kilichomo hakichanganyiki na cha jirani. Taabu imeanza pale watunga programu walipolitwaa bila ya kupima kama maana yake italifuata.

Kitu chenyewe kilitangulia jina. Unix ya 1979 ilikuwa na amri ya chroot, iliyoifanya programu ione sehemu moja ya mafaili kana kwamba ndiyo yote. FreeBSD ya mwaka 2000 ikaleta kifungo kikali zaidi, ikakiita jela. Solaris ya 2005 ikasema ukanda, na kontena pia. Docker ilipotokea 2013, na nembo yake ya nyangumi aliyepakia masanduku mgongoni, jina la kontena likayafunika mengine yote. Ni hasara kidogo, kwani jela, japo halipendezi, lilisema kweli: mfungwa hana jengo lake mwenyewe.

Hapo ndipo penye kosa. Sanduku la bandarini lina sakafu na kuta zake, bali kontena la kompyuta halina kiini chake. Yote yaliyo katika seva moja hutumia kiini kimoja cha Linux, ambacho hulificha hili lisione mafaili ya lile, na hulipimia kila moja kumbukumbu yake. Kompyuta pepe, kinyume chake, huja na kiini chake. Kwa sababu hiyo kontena huanza kazi mara moja, na mtu aweza kusimamisha seva ya kujaribia, akaivunja na kuiunda upya kabla chai haijapoa. Sifa hiyo ni ya haki.

Lakini aliaminiye jina hudhani kuwa jaribio lililofaulu mezani pake limekwisha kuthibitika. Katika Mac, makontena ya Linux hukaa ndani ya kompyuta pepe, yenye kiini ambacho huenda si kile cha seva. Hitilafu ya kiini haitaonekana hata siku ya kazi yenyewe. Tena Februari 2019 ilitangazwa kasoro ya runc, programu iyaanzishayo makontena, ambayo iliwezesha aliye ndani kuitawala seva nzima. Sanduku la chuma halina habari ya namna hiyo.

Jambo la ajabu ni kwamba kisafirishwacho si kontena hata kidogo, bali taswira. Kontena ni taswira hiyo ikiwa kazini. Neno limeangukia kitu kisicho chake. Kwa kilicho kazini, chumba kingefaa zaidi, yaani chumba cha kupanga: ufunguo ni wa mpangaji, lakini paa na kisima ni vya nyumba nzima, na paa likivuja huwavujia wote. Kontena na lipewe taswira, ambayo ndiyo hasa ifungwayo huku na kufunguliwa kule.