"Nitakuua": Neno na Uamuzi katika 12 Angry Men

Tamthilia hii ya Reginald Rose ilionyeshwa kwanza katika televisheni ya Marekani mwaka 1954, kisha Sidney Lumet akaitengenezea filamu mwaka 1957. Wahakiki wengi huielezea kuwa kisa cha mwadilifu mmoja anayewashinda wajumbe kumi na mmoja wa juri. Sisi tunaona kwamba Mjumbe wa Nane hashindi kwa uadilifu, bali kwa kuuliza maneno yana maana gani.

Tuchukue ushahidi wa mzee wa ghorofa ya chini. Alimsikia kijana akisema atamuua baba yake, na kwa wajumbe wengi kesi imekwishia hapo. Mjumbe wa Nane anauliza ni nani asiyewahi kutamka neno hilo. (Mama zetu walitutamkia kila tulipovunja chungu, na tungali hai.) Hoja hiyo haimwingii Mjumbe wa Tatu, mkali kuliko wote, mpaka yeye mwenyewe anapomrukia mwenzake akipiga kelele kuwa atamuua. Kimya kinachofuata kinafundisha pragmatiki kuliko fasili zetu za darasani.

Mjumbe wa Kumi naye anamdharau mshtakiwa kwa kutojua Kiingereza kizuri, na katika sentensi hiyo hiyo anakosea sarufi. Anayemsahihisha ni mhamiaji kutoka Ulaya. Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na mwambao, ambako lafudhi huhukumiwa kabla ya hoja, tulicheka, kisha tukanyamaza.

Dosari ipo. Mjumbe wa Nane ananunua kisu kinachofanana na kile cha ushahidi na kuingia nacho chumbani, jambo ambalo mahakama halisi isingeliruhusu. Mwandishi analipita haraka.

Kwa mfasiri, ugumu uko katika uamuzi wenyewe. Mwishoni wote kumi na wawili wanakubaliana, lakini hakuna anayejua kama kijana aliua au la. Wanachosema ni kwamba upande wa mashtaka haukuondoa shaka. Wanafunzi wetu huandika "hana hatia", na msomaji huelewa kwamba kijana ni mtu safi. Tunapendekeza "hatia haikuthibitika". Mjumbe wa Tatu analitoa neno hilo akiwa analia, na mwigizaji atalalamika kuwa ni refu mno kwa mtu anayelia. Alalamike, maana isipotee.