Sanamu na Wasia

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika bustani ya Lafayette, mkabala na Ikulu ya Marekani mjini Washington, msemo huo ni kama umechongwa. Katika kila pembe amesimama mgeni mmoja aliyewapigania Wamarekani dhidi ya Uingereza: Wafaransa wawili, Lafayette na Rochambeau, Steuben kutoka Prussia, na Tadeusz Kościuszko wa Poland. Huyo wa mwisho ndiye ninayetaka tumtazame.

Sanamu yake, kazi ya mchongaji Antoni Popiel, ilizinduliwa mwaka 1910, ikiwa zawadi ya Wamarekani wenye asili ya Poland. Juu amesimama Kościuszko, mkononi ameshika ramani. Maana alikuwa mhandisi, na maboma yake yalisaidia ushindi wa Saratoga mwaka 1777. Chini, upande mmoja, anamfungua kamba askari wa Kimarekani. Upande wa pili ameanguka, na kando yake yuko mkulima mwenye mundu mrefu: huo ndio uasi wa Wapoland dhidi ya Urusi mwaka 1794. Ni kazi nzuri. Wakati ule Poland haikuwamo katika ramani ya dunia, na waliotoa zawadi hiyo walitaka Marekani ikumbuke deni lake.

Lakini deni lipi? Mwaka 1798 Kościuszko aliandika wasia kwamba mali yake iliyokuwa Marekani itumike kuwakomboa watumwa weusi na kuwasomesha. Msimamizi aliyemteua alikuwa rafiki yake Thomas Jefferson, mtu aliyekuwa na watumwa wake mwenyewe. Kościuszko alipofariki mwaka 1817, Jefferson aliikataa kazi hiyo. Kesi zikafuatana hadi mwaka 1852, Mahakama ya Juu ilipoamua mali iende kwa jamaa zake wa Ulaya. Hakuna mtumwa hata mmoja aliyekombolewa kwa fedha hizo.

Hayo, msomaji, hayamo katika sanamu. Anayefunguliwa kamba pale ni mweupe. Na katikati ya bustani, juu ya farasi, yupo Andrew Jackson, rais aliyemiliki watumwa. Mgeni ameshukuriwa kwa alichowapa wenyeji, alichowaomba kimenyamaziwa. Upanga wake ni rahisi kuusifu, kwa kuwa ulikwisha kufanya kazi waliyoitaka. Wasia wake ungewagharimu.

Mwenyeji alipona, naam. Lakini ndani ya nyumba yake walibaki wengine wamefungwa, na mgeni aliwaona.