Hesabu ya Gramu 150

Daraja dogo la mapambano ya roboti nchini Uingereza lina masharti mawili yanayotangulia mengine yote. Mashine isizidi gramu 150, na kabla ya pambano kuanza iingie yote ndani ya mchemraba wa inchi 4, yaani sentimita 10.16 kila upande. Ukiyaelewa masharti hayo umeshaielewa na bajeti, maana gramu na shilingi hapa hutumika kwa namna moja: ukizimaliza kwenye silaha, hazipo tena za magurudumu. Kwa anayejenga roboti yake ya kwanza kwa fedha kidogo, msimamo wangu ni kwamba ajenge kabari yenye mkono wa kunyanyua, na silaha ya kuzunguka aiache mpaka baadaye. Hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini.

Tuanze na vitu visivyoepukika. Mota mbili ndogo za N20 zenye gia za chuma zina gramu 10 kila moja, jumla 20. Kidhibiti mwendo na kipokezi cha rimoti, gramu 10. Betri ya lithiamu ya seli mbili, yenye volti 7.4 na ujazo wa miliampea-saa 180, ina takriban gramu 15. Magurudumu mawili, 10. Servo ya gia za chuma ya kuendesha mkono, 13. Nyaya, viunganishi na swichi, 7. Skrubu, ambazo wengi huzisahau hadi siku ya kupima uzito, 8. Jumla ni gramu 83. Fremu, ngao, mkono na kabari vyote vigawane 67 zilizobaki.

Hapo ndipo kibao cha plastiki cha kukatia nyama kinapopata thamani. Vibao vingi vya aina hiyo ni vya polithini ngumu, plastiki inayopokea kipigo kwa kubonyea badala ya kupasuka, na inayokatika kwa msumeno wa mkono na kutobolewa bila shida. Uzito wake ni kama gramu 0.95 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 chenye unene wa milimita 6 kina gramu 57, yaani karibu akiba yote. Kipande hichohicho kwa milimita 3 kina gramu 28 na nusu. Basi sakafu na kifuniko vikatwe kwa wembamba, na unene ubaki kwenye kuta za pembeni ambako vipigo vinatua. Printa ya 3D ni nzuri kwa aliye nayo, lakini si tiketi ya kuingilia.

Kabari ya mbele ni bamba la chuma la milimita 0.5, sentimita 9 kwa 4. Hilo lina gramu 14. Lifungwe kwa bawaba isiyobana, ili lilale sakafuni kwa uzito wake lenyewe. Bamba lililokazwa kwa skrubu likipinda hata milimita moja hubaki limeinuka, na mpinzani mwenye makali ya chini zaidi hupita chini yake. Pigano la kabari mbili huamuliwa na nani aliye chini, na hilo ni suala la kunoa na kunyoosha, kazi isiyohitaji fedha.

Mkono unafanya kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Servo yenye nguvu ya kilo-sentimita 2, ikiwa na mkono wa sentimita 4, inaweza kuinua gramu 500 kwenye ncha, zaidi ya mara tatu ya uzito wa mpinzani. Punguza sehemu kwa msuguano na kwa betri inayochoka, bado inabaki ya kutosha. Na viwanja vingi vya daraja hili vina kingo zilizo wazi juu ya shimo. Huhitaji kumvunja mpinzani. Inatosha magurudumu yake yaache kugusa sakafu kwa muda wa kumsukuma hadi ukingoni.

Sasa linganisha na silaha ya kuzunguka. Chukua upau wa chuma wa gramu 20, urefu sentimita 8, uuzungushe mara 10,000 kwa dakika. Nishati yake ni karibu jouli 6. Ongeza kasi hadi 20,000, nishati inapanda mara nne na kufika jouli 23, sawa na roboti nzima ya gramu 150 kuangushwa kutoka urefu wa mita 16. Ndiyo maana silaha hizi zinavutia. Lakini kipigo hakina upande mmoja: kila mshtuko unaoufikisha kwa mpinzani unarudi kwenye ekseli, beringi na fremu yako. Utahitaji mota isiyo na brashi, kidhibiti chake cha pekee, chuma kilichotiwa ugumu, na kisanduku cha polikaboneti cha kufanyia majaribio, kwa sababu upau wa namna hiyo haujaribiwi mezani hata siku moja.

Kisha kuna jambo la ncha ya silaha kuuma. Upau wenye ncha mbili ukizunguka mara 20,000 kwa dakika hupitisha ncha kila milisekunde 1.5. Roboti ikiwa inasogea mita 1 kwa sekunde, basi ncha inaingia ndani ya mpinzani kwa milimita 1.5 tu. Inakwaruza badala ya kushika. Silaha ghali juu ya magurudumu dhaifu ni kelele, na hivyo hata anayetamani kuzungusha vyuma lazima kwanza ajifunze kujenga mwendo.

Historia ya mashine kubwa inaunga mkono hoja hii. Mfululizo wa kwanza wa mashindano ya televisheni ya Robot Wars, ulioonyeshwa Uingereza mwaka 1998, ulishindwa na Roadblock, mashine ya umbo la kabari. Kule Marekani, roboti ya Bite Force ilitwaa ubingwa wa mashindano ya BattleBots mwaka 2015 ikiwa na mkono wa kushika na kunyanyua. Mataji ya 2018 na 2019 iliyapata kwa silaha ya kuzunguka, baada ya timu hiyo kujenga msingi wake.

Kuhusu mwendo, usishawishike na namba kubwa. Mota ya mizunguko 1,000 kwa dakika yenye gurudumu la sentimita 4 hutoa zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Uwanja wa upana wa sentimita 80 utakwisha chini ya nusu sekunde, na dereva mgeni atajitupa shimoni mwenyewe. Chagua ya 500: mwendo nusu, nguvu ya kusukuma takriban maradufu. Magurudumu yazidi unene wa fremu, ili roboti ikipinduliwa iendelee kutembea. Watoto wetu wamekuwa wakikata magurudumu ya vigari vyao kwenye ndala zilizochakaa, na wana haki: sponji ya ndala ni nyepesi na inanyonya mshtuko. Ipake utando mwembamba wa silikoni, uifute vumbi kabla ya kila pambano, itashika sakafu vizuri.

Fedha itakayouma zaidi ni ya rimoti ya gigahezi 2.4, ila hiyo hununuliwa mara moja na kuhudumia roboti zote zijazo. Hakikisha kwamba rimoti ikizimwa, mota zinasimama papo hapo. Roboti isiyotii hilo hairuhusiwi kupigana, na ni haki. Servo ipate volti 5 kutoka kwenye kidhibiti, isiunganishwe moja kwa moja na betri. Betri yenyewe ichajiwe kwa chaja inayosawazisha seli, mwenyewe ukiwepo, na ikivimba isitumike tena.

Kisha endesha roboti dakika 3 mfululizo ukisukuma kitu cha gramu 150, halafu soma chaja imerudisha kiasi gani. Ikirudisha miliampea-saa 60, umetumia wastani wa ampea 1.2, theluthi moja ya betri. Hapo unaweza kushuka hadi betri ndogo zaidi, mradi imudu mkupuo wa ampea 3 pale mota zote mbili zinapokwama, na gramu utakazookoa uziongeze kwenye bamba la mbele.